Petroli Katika Gari la Dizeli

Mwanangu Zuhura,

Nimekuaga kwamba nakwenda soko la Zhanxi kukagua viatu vya mteja. Si kweli. Nimeegesha gari kwenye kivuli huku Liuhua, karibu na stesheni ya reli, nimeshusha vioo vyote kwa ajili ya joto, na daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Ni saa kumi ya alasiri. Kesho saa kama hizi utakuwa angani, na kuna jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulitoa kwa miezi sasa. Basi naujaribu mkono.

Sitakuandikia habari za kukunja nguo, wala nani wa kumwamkia kwanza ukifika Tanga. Shangazi yako atayamaliza hayo kabla hujavua viatu mlangoni. Nataka kukuandikia habari za hili gari nililokalia, na kosa nililolifanya nikiwa ndani yake. Sehemu unaijua, maana ulikuwepo. Sehemu huijui.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyekijua Kichina. Alikuja kusoma hapa Guangzhou, akabaki, akawa anawaongoza wafanyabiashara wa kwetu masokoni. Mimi nilijua kununua mboga na kusema ahsante, basi. Ndugu zangu waliniandikia nirudi. Sikurudi, na mpaka leo sijui kama ulikuwa ushujaa au ukaidi. Nilikushika mkono na mkoba wako wa shule, tukaingia sokoni. Mimi nikawa nasema, wewe unatafsiri.

Unakumbuka ulivyokuwa mfupi? Wale malaoban, wenye maduka ya viatu, walikuwa wakiinama juu ya meza zao ili wakusikie. Nikikuambia kwa ukali, "Mwambie hii soli itabanduka kabla meli haijafika," wewe ulikuwa unaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyoongea mimi, laoban anacheka, bei inashuka. Sikujua ulikuwa unawaambia nini. Nilijua tu kwamba maneno yangu yakipitia kwako yanafika yakiwa yamepoa.

Na mikokoteni, sijasahau. Miaka ile nilikuwa navuta mwenyewe mkokoteni wa mizigo ya wateja kutoka Zhanxi mpaka kwenye malori, viganja vikawa kama gome. Wateja kutoka Dar waliniita Mama Mkokoteni, wakidhani wananitania kwa upendo. Nilicheka nao. Kisha nikifika nyumbani nilikuwa naloweka mikono kwenye maji ya chumvi, nikaapa kwamba iko siku watu hao hao wataniona nashuka garini.

Ndiyo maana fundi Chen, yule mwenye gereji nyuma ya nyumba yetu, alipokuja mwaka ule Hong Kong iliporudishwa China akasema kuna gari linauzwa, moyo wangu uliruka kabla hata sijaliona. Mwenyewe alikuwa Mjerumani, mhandisi mzee aliyekuja kwa kazi ya kuchimba reli ya chini ya ardhi. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Gari lilikuwa na miaka kumi na moja, saluni ndefu ya bluu iliyoiva, viti vya ngozi ya rangi ya maziwa ya chai, na ubao wa mti halisi kwenye dashibodi. Nililizunguka mara mbili bila kuligusa, kama ninayeogopa kulichafua.

"Mwulize kwa nini linauzwa rahisi," nilikuambia.

Mzee yule akajibu mwenyewe kwa Kiingereza, taratibu, nami nikaelewa. Alisema, "Kwa sababu ni la dizeli, mama. Mji huu dizeli ni ya malori. Tajiri wa hapa akisikia mlio wake anaona aibu."

Fundi Chen alisogea karibu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda. Nilidhani anaomba dua. Baadaye ndipo uliponieleza kwamba alikuwa anaangalia kama injini imepashwa moto kabla hatujafika, maana dizeli mbovu ikishapata moto huwaka vizuri, huwezi kuijua. Injini ilikuwa baridi. Akatoa leso nyeupe, akaifunga kwenye bomba la moshi, akaniashiria niwashe.

Mjerumani akanizuia mkono. "Bado. Unaiona taa hiyo ndogo ya njano? Subiri izimike kwanza. Injini hii haipendi papara."

Tukasubiri. Wewe ukaanza kuhesabu kwa Kichina kwa sauti, yi, er, san, ulipofika kumi na mbili taa ikazimika. Nikazungusha ufunguo. Gari likatetemeka, likakohoa mara moja, kisha likaanza kunguruma kwa utulivu, kama mashine ya kusaga unga ya mtaa wa pili. Leso ilitoka na kivuli tu cha kijivu. Fundi Chen akaikunja, akaitia mfukoni, akasema kwa Kichina ambacho hata mimi nilikielewa: "Nunua."

Tuliondoka nalo siku ile. Yule mzee alisimama barabarani akilitazama mpaka tulipokata kona. Nilimwonea huruma, lakini si sana. Nilikuwa na furaha mno.

Mwanangu, nikuambie ukweli, lile gari lilinipa raha ambayo sikuwahi kuipata tangu baba yako aondoke. Wapo watu watakaokuambia kwamba kupenda chuma ni upumbavu. Mimi nilikipenda. Nilipenda mlango ulivyokuwa unajifunga kwa mlio mzito, pu, na kelele zote za Guangzhou zinabaki nje. Nilipenda lilivyokuwa zito mwanzo wa kilima na jepesi likishakolea mwendo. Nilipenda Jumapili zetu za kwenda Conghua, nje ya mji, wewe umekaa mbele umevua viatu, miguu kwenye dashibodi, unamenya lichi na kunilisha nikiwa naendesha. Mvua ikinyesha barabara kuu, pikipiki zote zinakimbilia chini ya madaraja, sisi tunapita polepole, wiper zinakwenda, kanda ya taarab inacheza, na tenki moja la mafuta linatufikisha mbali mpaka unasahau mara ya mwisho lilijazwa lini. Mara moja uliniambia, "Mama, leo hujasema neno lolote la biashara." Ilikuwa kweli. Nilikuwa sijioni mjane wala Mama Mkokoteni. Nilikuwa mwanamke anayeendesha gari.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniudhi. Vituo vya mafuta. Pampu ya dizeli huwa nyuma, kwenye matope, wanakopanga foleni malori ya mchanga na ya nguruwe. Kila nikienda kujaza nilikuwa nasimama katikati ya malori na saluni yangu inayong'aa, madereva vifua wazi wananichungulia kutoka juu na kucheka. Nilikuwa nikipandisha vioo.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mama Salma alikuwa anarudi Dar, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kariakoo ambaye kila dalali wa Zhanxi alikuwa anamwinda. Nilikuwa nimeomba nimpeleke mimi Baiyun kupanda ndege, ili njiani tuzungumze kuhusu mzigo wake wa Idi. Alikaa nyuma na mabegi yake, akasifu viti, akasifu ubaridi, akasema, "Wewe sasa umefika, bibi." Nilijisikia nimefika kweli. Kisha nikatazama geji, mshale uko chini kabisa.

Nilikata kuingia kituo cha mafuta. Nyuma niliona malori kama kumi. Nikawaza Mama Salma akae kwenye matope yale, na harufu ya nguruwe, na wale madereva wakimchekea dirishani. Nikaenda nikasimama mbele, pamoja na magari madogo. Mzee mmoja wa kituo alikuwa ananifahamu. Siku za foleni alikuwa ananiletea dizeli kwa dumu. Nilidhani yupo. Hakuwepo. Alikuja msichana mgeni, nywele za misuko miwili, sare imempwaya. Akainama dirishani, akauliza, "Petroli?"

Nilikuwa nimegeuka nyuma namsikiliza Mama Salma. Nilisikia sauti, sikusikia neno. Nikasema kwa Kichina changu, "Ndiyo, ndiyo, haraka."

Ukanigusa bega. "Mama, anauliza..."

"Subiri, Zuhura, watu wazima wanaongea."

Ukanyamaza. Nimelisikia lile neno langu mara nyingi tangu siku ile.

Hatukufika mbali. Injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, moshi mweupe ukafunika barabara, na gari likafia katikati ya magari. Mama Salma hakukasirika hata kidogo. Alisimamisha pikipiki mbili, moja akapakia mabegi, nyingine akapanda mwenyewe, buibui likipepea, akanipungia mkono huku anacheka mpaka machozi. Aliwahi ndege. Mzigo wa Idi alinipa mimi. Mpaka leo anasimulia kisa kile Kariakoo. Kwa hiyo unaona, hakuna nilichopoteza. Ningeweza kucheka naye, mambo yakaishia pale.

Lakini fundi Chen alipokuja kutuvuta, akafungua tenki na kunusa, aliniuliza, "Nani ametia hii?" Na mimi, nimesimama kandokando ya barabara nimelowa jasho, watu wanatazama, nikajibu, "Yule msichana. Nilimwambia dizeli."

Neno lilitoka tu, Zuhura. Sikulipanga. Likishatoka likawa na miguu yake. Fundi Chen akasema kama ni hivyo kituo kinawajibika kutengeneza. Kesho yake tukaenda, mimi na wewe, maana bila wewe nisingeweza kusema kitu.

Laoban wa kituo alituita ofisini, akamwita na yule msichana. Akakuuliza wewe, si mimi: "Mama yako anasemaje?"

Nikakuambia, "Mwambie nilisema dizeli."

Ulinitazama.

"Zuhura. Mwambie."

Ukasema. Kwa sauti ndogo, ukitazama sakafu. Yule msichana akasikia, akageuka, na hakunitazama mimi kabisa. Alikutazama wewe, akasema maneno machache.

"Anasemaje?" nikakuuliza.

"Anasema, wewe ulikuwepo."

"Mwambie laoban tunataka jibu."

Jibu tulipata. Laoban aliona gari la mgeni, kibao cheusi cha namba za wageni, viti vya ngozi, na mbele yake msichana wa mkoani Hunan mwenye wiki moja kazini. Hakuhitaji kufikiri sana. Alikubali kugharamia matengenezo, na palepale akamwambia yule binti avue sare. Aliivulia kwenye kona ya ofisi, ndani alikuwa na fulana ya shule. Tulitoka. Kwenye basi ulikaa kiti cha mbali na mimi.

Nimekosea mengi katika kukulea. Nimekuchelewesha shule kwa ajili ya wateja. Nimekupigia kelele kwa makosa ya watu wengine. Lakini hayo nilikufanyia wewe, na wewe waweza kuyapima. Hili nilikutumia wewe kumfanyia mtu mwingine. Nilichukua mdomo wako, ulionilisha miaka yote ile, nikapitishia uongo wangu.

Gari lilipona baada ya wiki mbili. Wewe hukupona. Uliendelea kunitafsiria, lakini neno kwa neno, kama redio. Nikisema kwa ukali, kwa ukali ulikuwa unafikisha. Malaoban wakaacha kucheka. Asubuhi nikisubiri taa ya njano izimike, hukuhesabu tena. Jumamosi mchana ulikuwa unatoka, unasema unakwenda kujisomea, na mimi nilikuwa siulizi, kwa sababu niliogopa nikiuliza moja utanijibu lingine.

Hapo ndipo sehemu unayoijua inapokwisha.

Mwaka Mpya wa Kichina ulipofika, nilikuwa nampeleka mteja hotelini, nikakwama hapa hapa mbele ya stesheni ya reli. Unajua uwanja ule unavyokuwa siku zile, watu wote wa mikoani wanarudi kwao kwa pamoja. Safari hii nilikuwa peke yangu garini kwa saa nzima, mteja ameamua kutembea. Wasichana wakawa wanapita pande zote mbili za gari, mamia yao, mabegi ya nailoni ya mistari mabegani, na kila mmoja ana misuko miwili ya nywele. Sikumtambua hata mmoja. Nikagundua kwamba sura yake siikumbuki. Nilimfukuzisha mtu kazi, na sura yake sikuichukua. Nilizima injini nikalia, Zuhura, madirisha yamefungwa, watu wanachungulia na kupita.

Sikukuambia. Sikutaka kukuomba tena mdomo wako. Baada ya sikukuu nilikwenda peke yangu kituoni, nikapanga foleni na malori, na zamu yangu ilipofika nikamwuliza yule mzee wa kituo habari za yule msichana. Akaniambia anaitwa Lan. Akaniambia anagundisha maboksi ya viatu kwenye kichochoro cha nyuma ya Zhanxi. Hatua mia mbili kutoka pale ninaposhinda kila siku.

Nilianza kwa laoban wa kituo. Nilimwambia kwa Kichina changu kibovu: "Mimi kosa. Yeye hapana kosa. Mimi nilisema ndiyo." Alicheka, akanimiminia chai, akasema jambo lile ni la zamani, mama, la nini kulifufua. Ndiyo yote niliyopata kwake. Nilitoka nikaenda kichochoroni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya rundo la maboksi, vidole vimeshika gundi. Aliponiona alisimama. Nikarudia maneno yangu yale yale, mimi kosa, mimi nilisema ndiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, akichagua maneno mepesi ili niyaelewe:

"Binti yako alishakuja."

Sikuelewa. Akarudia. Akanionyesha kigoda cha pili, kilichokuwa pembeni yake. "Hapa. Kila Jumamosi. Ananisaidia kukunja."

Alinieleza kwamba ulikwenda wiki ile ile aliyofukuzwa, ukamtafuta mpaka ukampata. Kwamba ulikwenda kwa laoban ukamwambia ukweli, akakufukuza akisema ni utoto. Kwamba Lan alitaka kuja nyumbani kwetu, kunifokea mbele ya majirani, na wewe ndiye uliyemzuia.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, usiende. Mama yangu atakuja mwenyewe."

"Lini? Alisema lini?"

"Mwanzoni. Siku ya kwanza."

Miezi minane, mwanangu. Umekaa mezani na mimi miezi minane, umekula ubwabwa wangu, umenitazama nikitoka na kurudi, unasubiri. Na hukunisukuma hata kwa neno moja.

Nilimwuliza Lan nimfanyie nini. Nilimwambia naweza kumtafutia kazi kwa laoban mwingine. Akakataa, akasema hapa angalau anakaa kitako. Kisha akafikiri, akafuta gundi mikononi, akasema anataka kupanda lile gari. Anataka kujua kitu kilichomfukuzisha kazi kinakwendaje.

Basi nilimpandisha. Mbele, kwenye kiti chako. Tulikwenda mpaka mtoni, tukafuata maji, tukavuka daraja, tukarudi. Mwanzo alikaa wima, mikono magotini, hataki kuegemea ngozi. Injini ilipokolea alianza kusikiliza, kichwa upande, kisha akacheka kwa sauti. Akasema linalia kama trekta la baba yake. Nikacheka na mimi. Akafungua kioo akatoa mkono nje, na njia nzima ya kurudi alikuwa ananisimulia habari za kwao, mashamba ya mpunga, mdogo wake anayesoma, na mimi nilishika nusu tu ya maneno lakini niliitikia yote. Nimeendesha gari hili safari nyingi za raha. Ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Nilipofika nyumbani ulikuwa unaandika kazi za shule. Ukaniuliza, "Mbona umechelewa?" Nikajibu, "Foleni."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Nadhani niliona aibu ya namna mpya. Aibu ya kumwomba radhi Lan niliiweza, kwa sababu alikuwa mgeni. Wewe ulikuwa umenifahamu kuliko ninavyojifahamu, ukanipa heshima niliyokuwa sijaistahili bado, na sikujua mtu anaomba radhi vipi kwa kitu kikubwa namna ile. Lan naye aliniahidi hatakuambia mpaka nikuambie mwenyewe. Bila shaka naye anasubiri.

Huko uendako utakosea. Utamkosea mtu asiyeweza kujitetea, na itakuwa kwa jambo dogo la kipuuzi, foleni, harufu, macho ya mgeni unayetaka akuone umefika. Sina dawa ya kukukinga nalo. Ninachokijua ni kwamba Kichina changu kibovu kilitosha. Siku zote nilidhani nahitaji maneno mengi na mtu wa kunisemea, kumbe yalikuwa maneno machache tu.

Sasa nayasema kwa lugha yetu. Nilikukosea, Zuhura. Nilikukosea ofisini mwa yule laoban, na nilikukosea jioni ile niliposema foleni. Nakuomba unisamehe.

Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako bila kukuambia, utaikuta ukiwa njiani. Usihangaike kutafuta simu ukishuka, wala usikimbilie kalamu kwa sababu mimi ni mama yako na unanionea huruma. Fika kwanza. Pumzika. Lipime. Mimi sasa najua mtu anavyosubiri miezi minane, na nitasubiri.

Mama yako